Majina Yetu Katika Bamba la Shaba

Mtu akitandaza mezani ramani kongwe ya bahari yetu, mojawapo ya zile zilizochapwa Ulaya miaka mia tatu au mia nne iliyopita, jambo la kwanza litakalomvutia ni msongamano wa majina ukingoni mwa maji. Bara ni jeupe. Pengine pamechorwa ndovu au mlima wa kubuni ili kuziba utupu. Lakini ufukoni majina yamejipanga bega kwa bega mithili ya watu katika safu: Magadoxo, Brava, Patte, Lamo, Melinde, Mombaça, Quiloa. Ukiyasoma kwa sauti yatavua ugeni wao mara moja. Ni Mogadishu, Barawa, Pate, Lamu, Malindi, Mombasa na Kilwa. Ni miji ya mabibi na mababu zetu, iliyosikiwa na sikio la Mreno na kuandikwa kwa mkono wa Mholanzi.

Ramani hizi leo ni bidhaa za anasa. Huuzwa minadani, hutiwa fremu, hutundikwa kumbini mwa wenye nacho. Kwetu sisi watu wa mwambao, hata hivyo, zina kazi kubwa kuliko kupamba ukuta. Ramani ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Wanazuoni wetu wametufundisha kuipima habari kwa isnadi yake: nani kasikia kwa nani, na huyo naye kasikia kwa nani. Tukiipima ramani kwa kipimo hicho tutaona ajabu. Jina la aliyechonga limo, jina la aliyechapa limo, jina la mfalme aliyetukuzwa limo. Jina la yule aliyeujua mwamba na kumwonyesha mgeni njia halimo. Isnadi imekatika pale pale ilipoanzia.

KABLA YA SHABA ILIKUWAKO FEDHA

Wasomaji wasidhani kwamba elimu ya ramani ilikuja na merikebu za Wareno. Mwaka 1154 Miladia, katika mji wa Palermo kisiwani Sisilia, Sharifu Al-Idrisi, mzaliwa wa Sabta katika Maghribi, alimkamilishia Mfalme Roger II kitabu kikubwa cha jiografia pamoja na ramani ya dunia. Ramani hiyo ilichongwa juu ya sahani kubwa ya fedha. Kitabu kimebaki katika nakala za mkono; sahani ilipotea katika fujo zilizozuka Palermo miaka michache baadaye, na fedha ina walafi wengi. Katika kitabu hicho Malindi na Mombasa zimetajwa, yaani zaidi ya miaka 340 kabla ya Vasco da Gama kuziona. Tena Al-Idrisi aliweka kusini juu na kaskazini chini, kama ilivyokuwa desturi ya wanajiografia wengi wa Kiislamu wa zama zile. Hakuna sheria ya maumbile isemayo kwamba Ulaya lazima ikae juu ya Afrika.

Huku kwetu nako mabaharia walikuwa na elimu yao. Majina ya pande za dunia katika Kiswahili cha wazee yanatosha kuwa ushahidi: kaskazini waliita kibula, mashariki matlai, kusini suheli. Matlai ni mahali nyota zinapochomoza, Suheli ni nyota yenyewe, na kibula ni kule tunakoelekea katika sala. Wala hawakukosea kuita kaskazini kibula. Mombasa iko karibu nyuzi 39.7 mashariki na Makka karibu nyuzi 39.8, miji hii miwili iko takribani katika mstari mmoja. Mtu wa Mombasa anaposimama kuswali, sindano ya dira na uso wake vyaelekea upande mmoja. Na Kurani imewakumbusha wanadamu, katika Suratul An'aam, kwamba nyota zimewekwa ziwe uongofu katika viza vya nchi kavu na vya bahari.

Bingwa wa elimu hii alikuwa Ahmad ibn Majid, mtu wa Julfar, katika nchi iitwayo leo Ras al-Khaimah. Kitabu chake mashuhuri, Al-Fawa'id, alikimaliza karibu na mwaka 1490. Alitunga pia urjuza uitwao As-Sufaliyya, unaoeleza njia ya bahari kuja hadi Sofala. Chombo chake cha kupimia kilikuwa kamali: kibao kidogo cha mbao kilichofungwa uzi wenye mafundo. Baharia aliubana uzi kwa meno, akainyoosha mbao mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa macho na wa juu uguse nyota, kisha akahesabu fundo. Kimo cha nyota kilitajwa kwa vidole. Huku kusini mwa ikweta, ambako nyota ya Jaha haionekani, walitumia nyota nyingine walizozijua. Kwa kibao na uzi watu walikwenda India na kurudi, wakiifuata kaskazi na kusi.

MWALIMU ASIYE NA JINA

Sasa tufike Malindi, mwezi wa Aprili 1498. Vasco da Gama amepita Mombasa, hakupata alichotaka, akaja Malindi na kupokewa vizuri. Hapo alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na kwa siku ishirini na kitu akafika. Mwandishi wa Kireno, João de Barros, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1552, anaeleza kwamba rubani huyo alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Alimwonyesha da Gama ramani ya pwani yote ya India, iliyochorwa kwa mistari myembamba iliyokatana. Da Gama naye akamwonyesha ala zake za mbao na za chuma za kupimia jua. Mwenyeji hakushangaa hata kidogo, kwani alikuwa na zake.

Barros anamwita Malemo Cana. Masikio ya Kiswahili hayawezi kupitwa na hili. Malemo ni mwalimu, neno lilelile tunalomwitia mtu wa darasani, ambalo katika lugha ya bahari lilikuwa cheo cha mwenye kujua njia: nahodha ana amri ya chombo, mwalimu ana elimu ya nyota. Neno la pili limeelezwa na wataalamu kuwa linatokana na neno la Kihindi lenye maana ya mnajimu. Basi Mreno hakuandika jina la mtu. Aliandika kazi yake mara mbili. Baadaye ilienea hadithi kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe, lakini watafiti wa leo wengi wao hawaikubali. Aliyefungua mlango mkubwa kuliko yote katika historia ya bahari hii hatujui aliitwa nani na mama yake. Ramani ya safari yake imejaa majina, lake likiwa limekosekana.

SIRI YA LISBON NA DUKA LA AMSTERDAM

Kwa muda mrefu Wareno walificha walichojifunza. Ramani zao zilichorwa kwa mkono juu ya ngozi na kutunzwa chini ya ulinzi wa mfalme. Lakini siri yenye faida haikai. Mwaka 1502 Mtaliano mmoja, Alberto Cantino, aliipata Lisbon nakala ya ramani ya dunia kwa dukati 12 za dhahabu, akaipeleka kwa bwana wake, Mtawala wa Ferrara. Ramani hiyo ingaliko katika mji wa Modena. Katika karne ya 19 iliporwa, ikaja kuonekana katika duka la muuza nyama, imegeuzwa kuwa kiwambo. Ndivyo vilivyo vitu vya thamani vinapoangukia mikononi mwa wasiovijua.

Waholanzi walikuja na mwenendo mwingine: wao walichapa na kuuza. Mwaka 1584, katika mji wa Leiden, rubani Lucas Janszoon Waghenaer alitoa kitabu cha kwanza kilichochapwa chenye mkusanyiko wa ramani za bahari zilizochongwa katika shaba. Kilihusu pwani za Ulaya. Halafu akaja Jan Huyghen van Linschoten, kijana aliyekuwa katibu wa askofu mkuu wa Wareno huko Goa. Kwa miaka mitano alisikiliza, alinakili, alinyamaza. Kitabu chake kilichapwa Amsterdam mwaka 1596, na ndani yake mna ramani zilizochongwa na jamaa wa van Langren, miongoni mwazo moja yenye Sofala, Msumbiji na Malindi. Siri ya karne nzima ikawa bidhaa ya dukani. Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni yao kubwa ya biashara ya Mashariki, na Wareno hawakuwa tena peke yao baharini. Hivyo ndivyo karatasi moja inavyoweza kuhamisha utajiri wa mataifa.

JINSI BAMBA LINAVYOCHONGWA

Wenye kuijua kazi ya sonara au ya fundi wa milango ya Lamu wataielewa kazi hii upesi. Bamba la shaba nyekundu lilifuliwa na kusuguliwa mpaka likang'aa kama kioo. Fundi alihamishia mchoro juu yake, kisha akachonga mistari kwa kijichuma chenye ncha kali. Kila kitu kilichongwa kinyume, kama muhuri: kulia kuwe kushoto, na kila herufi isomeke nyuma mbele. Wino ulipakwa bamba zima, ukafutwa kwa kitambaa na kiganja cha mkono, ukabaki ndani ya mistari pekee. Karatasi iliyoloweshwa ikawekwa juu, bamba likapitishwa kati ya magurudumu mawili mazito, na karatasi ikauvuta wino kutoka mifuoni.

Fundi akikosea, aligonga bamba kwa nyuma, akalisawazisha, akachonga upya. Kazi hiyo ilikuwa ghali. Aghalabu wenye maduka waliona heri kuliacha kosa kuliko kulipia marekebisho. Mabamba yalirithiwa na kuuzwa. Mwaka 1629 Willem Blaeu wa Amsterdam alinunua mabamba kadhaa ya jamaa ya Hondius na kuyatumia kwa jina lake. Kwa njia hiyo kosa moja liliweza kuishi miaka mia, likihama duka hadi duka, likizidi kuaminiwa kadiri lilivyozeeka. Uongo uliochongwa una umri mrefu kuliko uongo uliosemwa.

Rangi ilitiwa baadaye kwa brashi, karatasi moja moja, na mara nyingi hii ilikuwa kazi ya nyumbani. Abraham Ortelius wa Antwerp, aliyetoa mwaka 1570 kitabu maarufu cha ramani za dunia, alianza maisha kwa kupaka ramani rangi, na dada zake wakimsaidia katika kazi hiyo iliyowapa riziki. Akina mama wasomao ukurasa huu wajue, basi, kwamba bahari ya samawati na pwani ya kijani wanazoziona katika ramani hizo huenda zilipakwa na mkono wa mwanamke ambaye naye hakuandikwa.

MOMBASA YA MTU ASIYEIONA

Mwaka 1572, katika mji wa Köln, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu cha picha za miji ya ulimwengu. Katika sahifa moja wameiweka Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Mchongaji hakuja huku. Alichonga kwa kutegemea habari na michoro ya Wareno, na mji wetu umetoka una minara na mapaa ambayo mtu wa Ulaya angeyatambua kwao.

Pamoja na hayo picha ina faida yake. Ngome ya Yesu haimo, kwa kuwa ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Tunachoonyeshwa ni mji kabla ya ngome: mji wa nyumba za mawe, uliojengeka na kuzungukwa na maji. Katika mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuwa ameishika Kilwa na kuichoma Mombasa. Mnunuzi wa kitabu kule Köln alifunua sahifa akaona miji mizuri kando ya bahari, moshi haukuchongwa. Mwenye kusoma ramani sharti aulize pia ni nini kilichoachwa.

BILDI YA KAPTENI OWEN

Ramani sahihi zaidi za pwani yetu za enzi ya matanga zilikuja baadaye sana. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani ya Afrika kwa manowari Leven na Barracouta. Kazi ilikuwa ya subira. Mashua zilikwenda polepole, na baharia alitupa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kamba yenye alama, akataja kina kwa pima. Chini ya risasi palitiwa mafuta yaliyogandishwa ili yanase mchanga au tope, na mpimaji ajue nanga itashika au itateleza. Kila tarakimu ndogo unayoiona katika maji ya ramani ile ni mara moja mkono wa mtu ulipotupa risasi. Wengi wa mabaharia hao hawakurudi kwao. Homa iliwaua kwa wingi, hasa baada ya kukaa Ghuba ya Delagoa, ambayo leo ndiyo Ghuba ya Maputo.

Kupima na kutawala hakukuachana mbali. Februari 1824 Owen alipofika Mombasa, Wamazrui waliokuwa wakimhofia Sayyid Said wa Omani walitaka himaya ya Waingereza, naye akawakubalia bila idhini ya serikali yake. Alimwacha ofisa kijana, Luteni Reitz, awe mkuu wa mji. Reitz alifariki kwa homa mwezi wa Mei mwaka uleule. Serikali ya London haikuridhia mapatano hayo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa.

Reitz alikaa Mombasa miezi mitatu tu na siku kidogo. Jina lake lilichongwa katika bamba, nasi tunaliita hadi leo: Port Reitz. Hatumdharau marehemu, alikufa ugenini, mbali na wazazi wake. Lakini hori lililovuliwa samaki karne na karne haliwezi kuwa lilikosa jina siku alipofika. Kando yake iko Kilindini, na jina hili limeokoka. Litazame vizuri: kilindi ni maji ya kina kirefu. Wazee walioliita Kilindini walikwisha kulipima, wakaiweka tarakimu ndani ya jina, wakawaachia watoto. Bildi ya Owen ilikuja kuthibitisha walichokisema.

WAJIBU WA WALIO HAI

Tuna sababu ya kuyaeleza haya katika gazeti la familia badala ya kuwaachia maprofesa. Elimu ya bahari ya mwambao huu haikuchongwa katika shaba. Ilichongwa katika vifua vya watu, na vifua vinazikwa. Kila mwamba una jina, kila fungu, kila mlango wa kupitia chombo maji yakijaa, kila kisima cha ufukoni. Vijana wanaotumia mashine na setilaiti hawaoni haja ya kuyauliza. Na mahali pakikosa mtu wa kulitaja jina lake la asili, ni rahisi sana mgeni kupapa jina jipya, kisha kupazungushia ukuta. Mwenye jina lililoandikwa ana pa kuanzia hoja yake.

Basi tunapendekeza mambo machache ambayo nyumba yoyote inaweza kuyafanya.

La kwanza, watoto waonyeshwe ramani hizi. Maktaba kubwa za Ulaya na Marekani zimeziweka nyingi mtandaoni bila malipo, na simu ya mama yatosha. Mtoto atafute jina la mji wake katika tahajia ya Kireno, kisha alirudishe katika Kiswahili.

La pili, wazee waulizwe wangali hai. Nahodha mstaafu, mvuvi, na bibi aliyekuwa akiokota chaza maji yakitoka, wote wana ramani zao. Yaandikwe majina ya miamba na malango, na kila jina liandikwe pamoja na isnadi yake: limepokewa kwa nani, mwenyeji wa wapi, siku gani, naye alilipokea kwa nani. Hapo tutakuwa tumewashinda wachongaji wa Amsterdam kwa uaminifu, tukiwa hatujawafikia kwa uzuri wa mistari.

La tatu, karatasi za zamani zilizomo masandukuni zihifadhiwe: hati za mashamba, barua za biashara, madaftari ya vyombo, miswada. Zisibandikwe utepe wa gundi wala kufunikwa kwa plastiki ya moto. Ziwekwe pakavu, mbali na jua na mchwa, na zipigwe picha. Akija mnunuzi na bei ya kuvutia, familia isiharakishe. Angalau ibaki na nakala kamili na ipate ushauri wa watu wa makumbusho.

Na kwa atakayeuziwa ramani kongwe, zipo alama za kumsaidia. Ramani ya shaba huacha mbonyeo wa ukingo wa bamba kuzunguka mchoro. Wino wake umeinuka kidogo, kidole kikipita huhisi. Karatasi ya zama zile ikishikwa dhidi ya mwanga huonyesha mistari ya kichujio ilimotengenezwa, na ikiwa ilitoka kitabuni, aghalabu ina mkunjo katikati. Ikikosa yote hayo, yamkini ni nakala ya juzi.

Mwalimu aliyemvusha da Gama hatutalipata tena jina lake. Lakini walimu wa bahari waliobaki katika Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga majina yao tunayajua, na nyumba zao tunazijua. Tuwaendee na daftari na kalamu kabla ya Ijumaa ambayo tutakwenda kwao kwa jambo jingine. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape umri waliobaki.